Kitabu chenu cha wageni kinawadanganya: barua ya wazi kwa wasimamizi wa jumba la kifalme

Kwa Mkurugenzi na Wajumbe wa Bodi ya Usimamizi,

Waheshimiwa,

YAH: WANAYOYASEMA WAGENI WAKISHATOKA GETINI KWENU

Poleni na majukumu. Mimi ni muongoza wageni. Kazi yangu ni kuleta vikundi vya watu kwenye jumba mnalolisimamia, kuwakabidhi kwa watu wenu mlangoni, kuwapokea upande wa pili na kuwarudisha walikotoka. Kwa hiyo ninacho kitu ambacho ninyi hamna: nasikia wanachosema wageni wakishaketi ndani ya basi na mlango ukafungwa.

Nimeiandikia ofisi yenu, nikapata jibu la shukrani lililotungwa na kompyuta. Nimezungumza na msimamizi wa zamu, akaniambia nipeleke juu. Nikapeleka juu. Huko juu nikaelekezwa kwenye kitabu cha wageni kilicho mezani karibu na mlango wa kutokea, nikaambiwa niandike maoni yangu humo kama wenzangu. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la jumba lenu silitaji, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu haya yanawahusu wasimamizi wengi wa majumba ya aina hii, na tatu, niseme ukweli, bado nahitaji geti lenu liwafungulie watu wangu.

Nianze na hicho kitabu. Nimekipekua mara nyingi nikisubiri vikundi vitoke. Ukurasa baada ya ukurasa ni yaleyale: "Pazuri sana." "Asanteni kwa ukarimu." "Tutarudi tena Mungu akipenda." Mtu aliyelelewa vizuri hamkosoi mwenyeji akiwa bado sebuleni kwake. Anaandika neno jema, anaweka kalamu chini, anaondoka. Ninyi mnayahesabu maneno hayo, mnayaingiza kwenye taarifa ya mwaka, kisha mnaamini kwamba watu wameridhika.

Ndani ya basi mambo ni mengine. Huko naulizwa: "Sasa mfalme mwenyewe alikuwa analala wapi?" "Waliokuwa wakipika walikaa upande gani?" "Hivi kile kiti ndicho chenyewe au wamekiweka tu?" Na swali linalotoka midomoni mwa watu wengi kuliko yote: "Mbona tumetoka haraka hivi?" Nayapanga malalamiko hapa chini kwa namba, ili pasiwe na wa kusema hakuelewa.

1. Tunasukumwa

Tiketi zenu haziandikwi saa. Mabasi yote yanafika asubuhi kwa pamoja, milango inafunguliwa, na watu wanamiminwa ndani bila kikomo. Mkifika ukumbi wa enzi, mlinzi anapaza sauti, "Songeni, songeni mbele!" Mgeni aliyesafiri mbali kuja kuuona ukumbi huo anaona migongo ya watu, simu zilizoinuliwa na kipande cha dari. Dari ndiyo pekee isiyozibwa na kichwa cha mtu. Ndiyo maana wageni wangu wengi hurudi makwao na picha za dari.

Msiseme hakuna dawa. Kule Alhambra, Granada, nchini Hispania, tiketi ya majumba ya wafalme wa Kinasri, ukoo wa Kiislamu uliotawala pale zamani, ina saa yake ya kuingia, na ukichelewa umejinyima mwenyewe. Mji Uliokatazwa wa Beijing, jumba la zamani la wafalme wa China lenye eneo la hekta 72, ulipokea wageni zaidi ya milioni 19 mwaka 2019. Tangu 2015 walikuwa wameshaweka kikomo cha watu 80,000 kwa siku, na msafara unakwenda upande mmoja, kutoka lango la kusini mpaka la kaskazini. Watu 80,000 kwa siku bado ni wengi mno, sibishi. Lakini angalau hapo kuna mtu aliyeketi akapiga hesabu ya ni wangapi panaweza kuwabeba. Ninyi hesabu yenu ni ipi? Nimeuliza, sijajibiwa.

Na hata pale muda ulipo mfupi, utaratibu unasaidia. Neuschwanstein, Ujerumani, ngome ya mfalme Ludwig II wa Bavaria, huingii ila na muongozaji, na ziara ndani ni kama nusu saa hivi. Mfalme yule aliijenga ili ajitenge na watu. Alifariki Juni 1886, na kufikia Agosti mwaka huohuo wageni wa kulipa walikuwa wanapita vyumbani mwake. Nusu saa ni fupi, na wanaotoka huko hunung'unika. Ila hakuna anayenung'unika kwamba alikanyagwa.

2. Nyumba yenu haina watu

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na hapa naomba mnivumilie.

Enzi za Louis XIV, mfalme wa Ufaransa aliyehamishia serikali yake kwenye jumba la Versailles, nje ya Paris, mwaka 1682, mwanamume yeyote aliyevaa kiungwana na kufunga upanga kiunoni aliweza kuingia jumbani. Asiye na upanga alikodishiwa mmoja hapohapo getini. Akishaingia aliweza kumwona mfalme mwenyewe akipita kwenda ibadani, na kundi zima la watu wakimfuata. Sisi getini kwenu tunakodishiwa kifaa cha sauti. Na kifaa hicho kinataja wafalme kwa mpangilio wa kutawala: huyu alizaliwa, akaoa, akashinda vita, akafa; akafuatia huyu, akazaliwa, akaoa. Hakuna anayepika. Hakuna anayefua, anayepandisha maji ngazini, anayekesha mlangoni, anayemwaga choo. Mgeni anazunguka katika nyumba iliyowahi kukaliwa na mamia ya watu, na anatoka akiwa amekutana na wachache tu, wote wako kwenye picha za ukutani na wote wamevaa taji.

Jumba la kifalme lilikuwa mahali pa kazi. Tazameni Buckingham, jumba la ufalme wa Uingereza, London. Lina vyumba 775. Vyumba vya kulala vya familia ya kifalme na wageni wao ni 52; vya watumishi ni 188. Hesabu hizo mbili, zikiandikwa kwenye kibao kimoja kidogo, zinamfundisha mgeni namna ufalme unavyoendeshwa kuliko maelezo marefu juu ya vinara vya dhahabu. Hampton Court nako, jumba jingine la Uingereza, majiko ya mfalme Henry VIII yalijengwa kulisha watu wasiopungua 400, mara mbili kila siku. Leo majiko hayo yamo kwenye ziara, na kuna siku wapishi huwasha moto na kupika mapishi ya enzi zile mbele ya wageni. Ninyi jiko mnalo. Najua mnalo, kwa sababu mlango wake upo karibu na ninapoegesha basi. Mmelifanya stoo ya viti vya plastiki.

Watu wa mahali pengine wamethubutu kueleza hata mambo mazito. Topkapı, jumba la masultani wa Waosmani huko Istanbul, Uturuki, iligeuzwa makumbusho mwaka 1924. Ukiingia upande wa haremu, yaani makazi ya wanawake wa sultani, miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa unazokutana nazo ni ua na makazi ya matowashi weusi. Hao walikuwa Waafrika waliotekwa wakiwa watoto, wakahasiwa, wakauzwa. Mmoja wao, Beshir Agha, mzaliwa wa Uhabeshi, alishika ukuu wa haremu kuanzia 1717 hadi alipofariki mwaka 1746, na mawaziri wakuu wa dola ya Waosmani walipanda na kuanguka kwa neno lake. Mtoto aliyeuzwa akaja kuwa mtu wa kuogopwa na mawaziri! Sasa mgeni anayeelezwa hayo akiwa amesimama uani pale, hasa mgeni anayetoka Afrika, atayabeba mpaka kwake na kuyasimulia. Atayasahau mazulia yote, lakini hilo hatalisahau.

Au chukueni mfano wa Zanzibar. Salme binti Said, mtoto wa Sultani Seyyid Said na suria wa Kicherkasi, kabila la milima ya Kaukasi, alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Baadaye, akiwa Ujerumani, aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1886. Kwa kalamu yake tunajua kwamba Mtoni waliishi watu wapatao elfu moja, kwamba uani palikuwa na tausi, swala na mbuni wakitembea, na kwamba lugha kadhaa zilisikika chini ya paa moja. Jumba la Mtoni leo ni magofu. Lakini aliyesoma maneno ya Salme akifika kwenye magofu yale anaona watu. Jumba lenu halijabomoka hata tofali moja, na ndani hamna mtu.

Mtasema wageni wanakuja kuona dhahabu. Ndiyo, dhahabu ndiyo inayowaleta. Sijasema muifiche. Nasema wakishaiona, swali lao la pili ni nani aliyeipaka na nani aliyekuwa akiifuta vumbi, na hapo hamna jibu.

Mtasema pia kwamba habari za watumwa, masuria na vijakazi zitauvunjia ukoo heshima. Waheshimiwa, mgeni anajua kwamba nyumba kubwa kiasi hicho haikujifagia yenyewe. Mkinyamaza, anajaza pengo kwa anayoyadhania, na nimesikia anayoyadhania. Ukweli wenu hauwezi kuwa mbaya kuliko yale.

3. Hatujui kipi ni chenyewe

Kwenye chumba cha kulala mmeweka kibao: "Kitanda cha mfalme." Basi. Katika kikundi kimoja nilichokileta alikuwamo fundi seremala. Yeye hakutazama mapazia. Aliinama nje ya kamba, akachungulia chini ya kitanda, akaona skrubu za kiwandani zenye kichwa cha msalaba. Alinyanyuka kimya, lakini kwenye basi alisema, na alisema mbele ya watu wote. Kuanzia hapo hakuna aliyeamini chochote alichokiona ndani, pamoja na vile ambavyo mimi nina hakika ni vya kweli. Skrubu nne zimewaharibia jumba zima.

Hakuna aibu katika nakala. Mfalme Louis XVI na malkia Marie Antoinette waliondolewa Versailles wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, tarehe 6 Oktoba 1789, na kati ya 1793 na 1794 vyombo vya jumba viliuzwa kwa mnada, mafungu zaidi ya 17,000. Vitanda, meza, saa, mazulia, vyote vikatawanyika. Ndiyo maana vyumba vya pale leo ni mchanganyiko: kuna kilichotafutwa na kurudishwa, kuna kilicholetwa kutoka kwingine kwa kuwa kinafanana, na kuna kilichotengenezwa upya. Mgeni akielezwa hivyo haondoki na hasira. Anaanza kutazama kwa makini: hiki ni kipi, kile kilipitia mikononi mwa nani? Mnada wenyewe ni kisa kizuri kuliko kitanda.

Kwenu andikeni tu, kwa maneno machache: ni chenyewe, ni cha enzi hiyo ila si cha hapa, au ni nakala. Kalamu na karatasi ngumu zinatosha.

4. Kimetoka wapi, kimekwenda wapi

Kwenye kabati la kioo la ghorofa ya juu mna vitu vya kifalme visivyo vya ufalme wenu, na kibao kinasema "zawadi". Huenda vingine vilikuwa zawadi kweli. Lakini wageni siku hizi wanasoma habari. Wanajua kwamba Jenerali Dodds wa Ufaransa aliingia Abomey, mji mkuu wa ufalme wa Dahomey ulioko Benin ya leo, mwaka 1892 na kwamba hazina 26 zilizochukuliwa huko, vikiwamo viti vya enzi vya wafalme Ghezo na Glèlè, zilirudishwa Benin Novemba 2021. Wanajua kwamba mwaka 2024 vitu 32 vya Waasante, vingi vyake vilivyotekwa katika vita vya karne ya 19, vilifika Kumasi, Ghana, na kuonyeshwa katika makumbusho ya Manhyia, jumba la mfalme wa Waasante, lakini kwa mkopo kutoka makumbusho mawili ya London. Mwenye mali anakopeshwa mali yake. Mtu mwenye habari hizo akisoma neno "zawadi" peke yake, bila jina la aliyetoa wala mwaka, anacheka. Nimewasikia wakicheka.

Na ninyi wenyewe mmeporwa pia. Historia ya jumba lenu inasema hivyo. Mbona hamwonyeshi mahali vilipokuwa vitu vilivyoondoka? Kabati tupu lenye maelezo lingesimamisha watu kuliko kabati lililojaa.

5. Miguu

Kati ya mlango wa kuingilia na duka la zawadi hakuna benchi hata moja. Wazee wanategemea kingo za madirisha, wanafukuzwa. Choo kipo baada ya mlango wa kutokea, na ukishatoka hurudi. Mtasema jengo ni la kale na haliruhusiwi kutobolewa. Benchi halitoboi ukuta.

6. Picha

Mlinzi wa chumba cha kwanza anaruhusu, wa pili anakataza, wa tatu anaruhusu ukimchekea. Amueni moja. Kama ni flashi inayochosha hariri na rangi za kale, semeni hivyo. Watu wanaelewa sababu, hawaelewi kufokewa.

Sasa kuhusu fedha, maana najua ndiko mtakakokimbilia. Windsor, ngome ya kifalme ya Uingereza, iliungua tarehe 20 Novemba 1992. Mwaka uliofuata vyumba vya heshima vya Buckingham vikafunguliwa kwa umma kwa mara ya kwanza, ili kiingilio kisaidie kulipia matengenezo ya Windsor. Aliyenunua tiketi alijua pesa yake inakwenda kwenye paa lipi. Kwenu kiingilio kimepanda, na hakuna kibao kinachosema kimefanya nini. Na katika yote niliyoyaorodhesha, gharama kubwa ni ipi? Saa kwenye tiketi ni suala la mashine ya kuchapia. Vibao ni karatasi. Viti vya plastiki vinaweza kwenda stoo nyingine. Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kuketi na daftari za zamani za jumba, zile za mishahara na za manunuzi ya jikoni, akatoa humo majina. Wanafunzi wa historia wangefanya kazi hiyo kwa furaha, na wangeshukuru kwa kuruhusiwa kuingia kwenye kumbukumbu zenu.

Wala siwalaumu walinzi wenu. Wanasimama kutwa bila kiti kama sisi, na kuna mmoja, mtu mzima, ambaye akikuta kikundi kidogo hunong'ona habari za bibi yake aliyekuwa mfuaji humo ndani. Wageni wangu humkumbuka yeye kuliko wafalme wote. Ameshaonywa aache, kwa kuwa hayamo kwenye maelezo rasmi. Badala ya kumwonya, mngemkabidhi kipaza sauti.

Ninachoomba ni hiki. Tiketi ziandikwe saa, na idadi ya watu kwa kila saa itangazwe. Jiko lifunguliwe, hata kama ni tupu, na maelezo ya kifaa cha sauti yaandikwe upya ili waliofanya kazi humo watajwe kwa majina pale majina yanapopatikana. Vibao vyote vya vyumba vya kulala na makabati ya vioo vipitiwe na kusema ukweli kuhusu kila kitu: ni chenyewe au si chenyewe, kimetoka wapi, lini, kwa mkono wa nani. Mabenchi yawekwe sasa, hayahitaji kikao. Na hicho kitabu cha wageni kiondolewe kando ya mlinzi, kwa maana nani ataandika lawama huku anatazamwa? Wekeni sanduku lenye kufuli hatua chache nje ya geti, karibu na mabasi, na lifunguliwe mbele ya mjumbe mmoja wa bodi.

Naomba nijibiwe kwa maandishi yenye jina na sahihi ya mtu, kabla msimu wa wageni wengi haujaanza. Mkiniita kikaoni nitafika bila kudai nauli, na nitamwomba yule fundi seremala tufuatane.

Wenu katika kazi,

Muongoza wageni

Nakala:
Waongoza wageni wenzangu
Wahariri wa magazeti
Ubao wa matangazo, maegesho ya mabasi